Kufu Halegezi

Mwalimu wa kisomo, mara ya kwanza nilikwambia sitaki. Mara ya pili nikakwambia sitaki. Mara ya tatu nikanyamaza, na wewe ukadhani nimekubali. Mtu mzima akinyamaza si lazima awe amekubali, huenda amechoka tu na sauti yako. Lakini umeniganda kama kupe, na mkono wangu huu unaoandika herufi moja kwa pumzi mbili umeupa kazi ambayo waliosoma wangeikimbia. Haya. Chukua.

Ulisema kila mmoja alete neno moja la zamani, aeleze maana yake na lilikotoka, nusu ukurasa. Wenzangu wakaleta maneno ya vyungu na vinu, mkacheka, mkapiga makofi. Mimi nikaropoka "kufu". Ukauliza darasa nani analijua, kimya. Yule fundi redio anayekaa mbele akasema labda limetoka kwenye kufua nguo. Nilitaka kumpiga na daftari. Halikutoka kwenye kufua, ingawa mimi nililipatia huko kwenye kufua, na ndiyo maana nusu ukurasa haitanitosha.

Maana kwanza, tumalizane nayo. Kufu ni mtu mliye sawa naye. Rafiki ni kitu kingine, kwa sababu rafiki anaweza kukuzidi au ukamzidi na mkapendana vilevile. Ndugu naye hukumchagua. Kufu ni yule ambaye mkisimama ana kwa ana hakuna wa kuinama wala wa kujinyoosha. Bibi yangu alilitumia kwenye mambo ya posa tu. Ikija barua ya posa, wazee walijifungia chumbani, na swali la kwanza halikuwa kijana ana tabia gani. Lilikuwa, "Hao ni kufu yetu?" Wewe mwenyewe ulinieleza kwamba ni neno la Kiarabu, lilikuja na vitabu vya mambo ya ndoa. Sikatai. Ila kwetu Dobini halikuja na kitabu. Lilikuja na mwanamke.

Dobini ndivyo tulivyopaita chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, nyuma kabisa, unapokwishapita jiko. Sakafu ya saruji yenye mfereji katikati, mabirika manne ya kufulia, na uani kamba ishirini za kuanikia. Nilipoingia pale nikiwa msichana nilimkuta mama mmoja tuliyemwita Bibi Birika, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mbali na birika la kwanza. Huyo mama katika usichana wake aliposwa, upande wa mume wakachunguza, wakagundua baba yake anafua nguo za watu. Jibu likarudi: si kufu yetu. Alilia mwezi mzima, akafuta machozi, akaenda kuomba kazi ya kufua. Na lile neno akaja nalo, kama mtu aliyepigwa jiwe akaliokota, akalitia mfukoni. Akasema humu ndani hakuna atakayeulizwa baba yake ni nani. Humu kufu itapimwa kwa shuka.

Shuka la hospitali la siku zile lilikuwa pamba nzito. Likinywa maji, mtu mmoja halimudu. Wawili mnalishika ncha kwa ncha, mnalisokota, huyu kulia, huyu kushoto, mpaka maji yaishe. Kisha mnalikung'uta, mnalitandaza hewani, na kila mtu anaegemea nyuma kwa uzito wake wote ili linyooke. Hapo ukiachia, mwenzako ataanguka chali. Mgeni akija, Bibi Birika alimjaribisha na huyu na yule. Shuka likishavutwa likawa kama meza, aliweka kipande cha sabuni katikati. Sabuni ikiteleza kwako, umezidiwa. Ikiteleza kwake, kazidiwa yeye. Ikikaa palepale, wanawake wote wanaacha kazi na kusema kwa pamoja, "Kufu!" Kuanzia siku hiyo mashuka mazito unayashika na huyo tu. Asipokuja kazini, wewe siku hiyo unakunja taulo.

Na kulikuwa na sharti. Neno hilo kwa kuwa limetolewa mbele ya watu, haliondolewi chumbani, na likiondolewa halirudishwi chumbani. Ni mbele ya watu walewale. Mwalimu, shika hapo. Hapo ndipo nilipoangukia.

Mimi nilijaribishwa na wanawake saba, na wote sabuni iliwatelezea wao. Nikawa natembea kifua mbele. Wa nane alikuwa mwembamba kama uzi, mgeni wa wiki moja. Nikacheka.

"Huyu nitamrusha mpaka kwenye kamba za kuanikia."

"Nirushe, dada," akasema. "Ila nikienda, naenda na shuka lako."

Tukavuta. Sabuni ikakaa. Nikaongeza nguvu, ikakaa. Bibi Birika akaiacha pale mpaka mikono ikaanza kututetemeka, ndipo akasema, "Mnangoja iote mizizi?" Na wanawake wakapaza sauti, "Kufu!"

Huyo ndiye Pindo. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu ya ukorofi wake wa kukunja. Kila shuka alitafuta pindo kwanza, akaligeuza ndani, ili ule mshono usiguse shavu la anayelala. Ukimwambia tunachelewa, atakujibu, "Mgonjwa ana shida zake, mimi nimwongezee na uzi?" Alilelewa na shangazi yake, akaolewa na fundi bati, na fundi bati akapanda paa moja la mbali asishuke tena. Akabaki na binti mmoja. Alikula chakula amesimama. Aliimba, na alipoimba hata maji kwenye birika yalitaka kutoka. Alikuwa na pengo mbele, akicheka analiziba kwa kiganja, na kiganja chenyewe kimejaa povu, basi anacheka na kutema sabuni. Hatukujua kusoma, yeye wala mimi, kwa hiyo mashuka ya wodi tuliyajua kwa nyuzi alizoshona yeye pembeni: nyekundu ya wazazi, buluu ya watoto, na nyeusi ya wale ambao hawakutarajiwa kupona. Mashuka ya uzi mweusi aliyakunja polepole kuliko yote.

Mimi waliniita King'ang'anizi. Nadhani sababu umeshaiona.

Tulivuta pamoja miaka ishirini na sita. Binti yake aliniita mama mkubwa. Tulikuwa hatuongei tukivuta. Miguu yake ikisogea, yangu inajua. Nikikohoa, yeye amekwisha kaza. Nimekaa na mume wangu, Mungu amrehemu, na hatukuwahi kuelewana hivyo hata kwenye kuhamisha kabati.

Mwaka wa ishirini na nne bega langu la kushoto lilianza kuwaka moto. Sikumwambia mtu. Nilijichua, nikauma meno, nikaendelea. Miezi michache baadaye nikaona mbona shuka haliniumizi tena. Nikatangaza Dobini nzima kwamba bega limepona, dawa ya kuchua imefanya kazi, na anayetaka aje nimwelekeze. Pindo akasema, "Hongera," akageuka kuchota maji.

Miaka miwili baadaye shangazi yake alifariki, akaenda kuzika. Nikavuta kikapu changu cha taulo kama desturi. Lakini tulikuwa na msimamizi mpya, bwana asiyejua mambo yetu, na mashuka ya chumba cha upasuaji yalikuwa yamelundikana. Akaniambia, "Mama, taulo baadaye. Shika na huyu." Akanipa mwanamke aliyekuwa na siku tatu kazini.

Tukavuta. Mwalimu, yule mwanamke hakufanya lolote la ajabu, alivuta tu kama inavyovutwa. Nilitoka pale niliposimama, nikakokotwa hatua tatu mpaka mguu ukaingia mferejini. Bega likalia nikalisikia. Na mmoja pale nyuma, simtaji, amekwisha kufa, akasema, "Kumbe King'ang'anizi alikuwa anabebwa!"

Walicheka wote. Mimi sijui kuchekwa. Wengine wamejaliwa, wanachekwa na wao wanacheka, mambo yanaisha. Mimi kicheko kinaingia na kubaki ndani.

Pindo alirudi siku ya nne, bado ana macho ya msiba. Sikumpa hata pole. Nikachukua shuka bichi, nikamtupia ncha yake, nikaita sabuni.

"Leo kuna nini?" akauliza.

"Vuta."

Sabuni ikakaa katikati, imetulia kama iliyogundishwa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana nikajua mikono yake ilikuwa na ufundi wa kunivutia kwa kiasi changu, si pungufu wala si zaidi, siku baada ya siku, na mimi sijui.

"Vuta kweli, Pindo."

"Ndivyo ninavyovuta."

"Kwa mikono ya shangazi yako aliyezikwa, vuta kweli!"

Nilisema hivyo. Limeandikwa, sitalifuta. Uso wake ukabadilika, akaegemea nyuma, akavuta. Sabuni ikateleza kama mtu anayekimbia deni, ikaja ikaniangukia miguuni. Wanawake kumi na wanne, wote wamesimama.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu bega lako lilipoanza."

"Nani alikwambia bega langu limeanza?"

"Dada, ishirini na sita. Unadhani nilikuwa nimeshika shuka tu?"

Neno kama hilo mtu mwingine angelipokea kwa machozi. Mimi nilisikia kicheko cha zile siku nne. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Kufu halegezi. Huyu si kufu yangu." Na nikaachia.

Alikuwa bado ameegemea nyuma kwa uzito wake wote. Akaanguka chali, nyonga ikagonga ukingo wa mfereji. Sauti ya ule mfupa siwezi kukuandikia. Shuka likamwangukia lote, na chini yake hakulia wala hakuita. Wakamwinua wengine. Alipokwisha kusimama, akaliokota, akalirudisha kwenye birika peke yake, akalisuuza, maana lilikuwa limechafuka.

Nyonga ile haikukaa sawa tena. Wakampeleka pembeni kwenye cherehani, kushona mapindo yaliyofumuka. Mimi nikabaki na taulo, maana hakuna kufu mwingine na bega halikuwa na hiari. Kutoka kwenye taulo mpaka kwenye cherehani ni hatua kumi na tano, nilizihesabu. Tulifanya kazi hivyo miaka minne bila salamu. Wenzetu walijaribu. "Mwambie tu neno, King'ang'anizi." Nikawajibu, "Anitangulie yeye, ndiye aliyenidanganya." Na kila taulo niliyokunja niligeuza pindo ndani.

Zikaja mashine. Zinafua, zinakamua, hazihitaji wawili. Tukapewa barua zetu, kila mtu akaenda kwake.

Mwaka jana nilisikia Pindo haondoki kitandani. Nikakaa nalo wiki mbili, nikalala nalo, nikala nalo. Halafu asubuhi moja nikavaa viatu.

Binti yake alinifungulia, mshonaji sasa, ana tepu ya kupimia shingoni.

"Shikamoo," akasema, akaishia hapo. Lile la mama mkubwa halikufuata.

"Marahaba. Mama yuko macho?"

Kabla hajajibu, sauti ikatoka chumbani. "Kama ni King'ang'anizi, mwambie nimelala."

"Amelala," binti akasema, hata hakuona haya.

Nikatoka. Uani kulikuwa na nguo kwenye kamba, zimekauka. Nikaanua shuka moja, nikalikunja peke yangu, kidevu kikishika ncha moja, mkono mzima ncha nyingine. Nikaliweka kwenye kiti, nikaondoka. Kesho yake nikaenda tena, nikaambiwa tena amelala, nikakunja lingine. Siku ya tatu nikiwa uani, dirisha likafunguliwa kidogo.

"Pindo la shuka umelitoa nje."

"Nimeligeuza ndani," nikajibu bila kugeuka.

"Umelitoa nje, naliona kutoka hapa. Kilichoharibika kwangu ni nyonga, macho ninayo."

Mikono ikabaki na shuka hewani.

"Bega?" akauliza.

"Halijawahi kupona."

"Najua." Kisha nikasikia kitu ambacho sikukisikia kwa miaka: alicheka, na kicheko kikazibwa katikati na kiganja. "Dawa ya kuchua! Ukawaelekeza na watu!"

"Nyamaza wewe."

"Njoo kesho asubuhi, dada. Leo nimechoka. Kesho binti ataniweka kwenye kiti, tulikunje lile shuka la kijani lililobaki kambani, wawili."

Ningesema pale pale. Neno moja tu, dirisha liko wazi. Lakini nilikumbuka sharti. Neno nililiondoa mbele ya wanawake kumi na wanne, nilirudishe uani, tuko wawili, kama mtu anayerudisha sufuria iliyoibwa kwa kuisukuma chini ya mlango? Nikajiambia Pindo amedhalilishwa hadharani, atatukuzwa hadharani. Wale kumi na wanne, waliokuwa hai ni wanne. Nikaamua kesho nitawakusanya.

Na kesho hiyo nikaizunguka yote. Mmoja alikuwa amehamia kwa mkwe wake upande wa pili wa mji. Mwingine akataka kwanza apike. Wa tatu hasikii vizuri, nikamweleza kisa chote upya kwa kupiga kelele mpaka majirani wakatoka. Wa nne mgonjwa, hakuweza. Jua likazama, tukakubaliana tuende asubuhi inayofuata. Siku moja itapunguza nini, nilisema. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu.

Tulifika wanne, mimi na wale watatu, nimevaa aproni yangu ya Dobini, nimeipiga pasi. Nimebeba na kipande cha sabuni. Viti vilikuwa vimepangwa uani na watu wamevikalia kimya, nikajua.

Binti yake alinisogelea. Hakunifokea, afadhali angenifokea.

"Jana alikaa kwenye kiti tangu saa moja asubuhi," akasema. "Shuka mapajani. Kila mlango ukilia anashika ncha. Saa sita akasema nimrudishe kitandani. Alfajiri ya leo akaondoka."

Mchana, mzee mmoja wa ukoo wao alikuwa anaandika walio karibu na marehemu, ili watajwe. Akafika kwangu na kalamu yake.

"Na wewe mama, ni nani wake?"

Wale wenzangu watatu wakanigeukia. Walikuwa wanangoja. Hadhara ilikuwepo, mashahidi walikuwepo, nilichokitafuta siku nzima kilikuwa mbele yangu. Na binti anatazama. Nikafungua mdomo, ulimi ukawa mzito kama shuka lililokunywa maji. Kumwita mtu kufu ni kumwambia ashike ncha ile. Nitamwambiaje, naye alishaishika nusu siku na mimi sikuja?

Nikasema, "Tulifanya kazi pamoja."

Mzee akaandika, akasogea kwa mwingine. Yule asiyesikia vizuri akaniuliza kwa sauti, "Amesema nini? Amelisema?"

Kile kipande cha sabuni kiko kwenye kabati langu. Mjukuu alitaka kunawia, nusura nimtoe nyumbani.

Nilikuja kwenye darasa lako baada ya hapo, mwalimu. Ulidhani nataka kusoma barua za hospitali. Nilitaka niandike neno moja ambalo mdomo ulilikataa. Sasa nimeliandika, lakini karatasi haina sauti, na mimi nikilisoma humu ndani peke yangu nitakuwa nimefanya lilelile la chumbani.

Kwa hiyo umenitaka niandike, na mimi nakutaka usome. Wewe mwalimu, na yeyote karatasi hii itakayomfikia. Usiisome kimoyomoyo. Simama mahali penye watu, wasipungue wawili, na kama unaweza kuipeleka mlango wa nyuma wa hospitali palipokuwa Dobini, ipeleke, wapo wanaotukumbuka. Useme kwa sauti ya mtu mzima: Pindo alikuwa kufu ya King'ang'anizi tangu siku ya sabuni mpaka leo, na aliyelegeza ni King'ang'anizi. Halafu uje nyumbani uniambie walikuwepo nani, mmoja mmoja. Mlango wangu uko wazi asubuhi. Usije kesho kutwa.